Nywesha Ukuta Kwanza

Kichupa chenyewe hakizidi kidole gumba, na ukikiinua kwenye mwanga wa dirisha utaapa kwamba hakina kitu. Ndivyo alivyoapa baba wa binti aliyekitengeneza, siku ya kwanza alipokishika. Alikigeuza juu chini, akakigonga kwa ukucha, akakitikisa karibu na sikio kama mtu anayepima yai viza, kisha akamrudishia binti yake kwa huruma kabisa.

"Mwanangu," akasema, "hawa watu wamekuibia. Humu hamna kitu."

Mama yake alicheka hadi akashika mbavu. Binti naye alicheka, lakini kicheko chake kiliishia kooni. Ndani ya kile kichupa mlikuwa na kazi ya majuma mengi, imekaushwa mpaka ikabaki utando ambao jicho haliuoni, na alikuwa amekileta nyumbani makusudi ili mzee aone mwanawe anafanya nini. Tangu siku hiyo, kila jirani yao seremala alipouliza pale barazani binti mkubwa anafanya kazi gani siku hizi, mzee alikuwa na jibu moja tu: "Anauza chupa tupu. Na wanunuzi anapata!"

Jibu lile liliuchekesha mtaa mzima. Binti lilimchoma, na alijua vizuri ni kwa nini.

Baba yake alikuwa mwashi, na si mwashi wa kubahatisha. Sehemu kubwa ya kuta za mtaa ule alizisimamisha yeye, na akipita barabarani hakuona nyumba wala watu, aliona kuta: huu ulijengwa mwaka wa mvua nyingi, ule mwenyewe alitaka umalizwe haraka haraka akaambiwa atafute fundi mwingine. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta hakuipenda hata kidogo. Alidai ilitungwa na mtu mwenye choyo aliyetaka waashi walale njaa. Kusifu pia hakukujua. Ukuta ukimridhisha kabisa, alichuchumaa, akafumba jicho moja, akautazama kutoka pembeni mpaka mwisho, akasema, "Umenyooka." Basi. Vijana wake wa kazi waliweza kukaa naye miaka bila kulisikia neno hilo, na aliyelisikia alikwenda kulisimulia nyumbani.

Alikuwa na timazi ya shaba, yaani kipande kizito chenye ncha kinachoning'inizwa kwa uzi kupima kama ukuta umesimama wima. Alipewa na fundi aliyemfunza kazi, naye fundi yule alipewa na wake. Ilikuwa imelainika kwa kushikwa, na mzee hakumruhusu mtu kuichezea.

Binti yake wa kwanza alikulia chini ya timazi ile. Shule zikifungwa alikuwa kwenye majengo, ndoo mkononi, kazi yake kuunywesha ukuta maji kabla ya kupigwa lipu. Maana tofali kavu lina kiu. Ukilipaka lipu likiwa kavu linanyonya maji yote ya saruji kabla haijashika, na baada ya muda lipu lako linabanduka kama gamba la mjusi, na aibu ni yako. "Nywesha ukuta kwanza," baba alimwambia kila asubuhi, hata pale alipomkuta ameshaanza. "Ukuta wenye kiu ni mwizi. Mshibishe mwizi kwanza, ndipo ulete mali yako." Mafundi walimwita Binti Fundi. Siku moja, uzi wa timazi ukiwa mkononi mwa mtoto na mkono wenyewe hautetemeki, baba aliahidi mbele yao wote: "Siku nitakayochoka, hii ni yako."

Mtoto akakua, akamaliza shule, akachagua sayansi. Baba hakugomba. Aliikunja timazi ndani ya kitambaa, akaiweka kabatini, na wakati wa chakula akasema huku akitazama sahani yake, "Timazi inakwenda kwa mtoto anayejenga." Wadogo zake wawili nao hawakujenga: mmoja aliuza simu, mwingine aliendesha lori. Kwa hiyo timazi ilibaki kabatini ikimngoja mtu ambaye hayupo. Binti aliona haya kuomba, baba aliona haya kutoa bila kuombwa, na wote wawili walikuwa wa damu moja, damu ngumu kuliko zege. Mwaka ukafuata mwaka, wakaongea habari za mvua na za wajukuu, na habari za kazi zikabaki mzaha wa chupa tupu.

Sasa, kwenye hizo chupa mna nini?

Mwili wa binadamu ni mji wenye kelele. Seli zake hutumiana habari mchana kutwa na usiku kucha, na nyingi ya habari hizo hubebwa na protini ndogo zinazoitwa sitokini. Moja inaita: hapa pana jeraha, njooni. Nyingine inasema: homa na ipande. Nyingine: basi, tulieni, adui ameondoka. Lakini habari bila wa kuisikia ni upepo mtupu. Kila seli inayosikia imetokeza juu ya ngozi yake protini nyingine, kipokezi, inayodaka sitokini yake na kuiacha ya jirani ipite. Watafiti wanaotaka kujua kwa nini mwili wakati mwingine unapiga yowe la mwizi pasipo na mwizi, au wanaopima kama dawa fulani inaweza kuliziba sikio hilo, wanahitaji kipokezi chenyewe, safi, peke yake, ndani ya kichupa. Hakichimbwi wala hakichumwi. Lazima mtu akitengeneze.

Mtu huyo ni binti wa mwashi. Maagizo ya kipokezi cha binadamu, yaani jeni yake, huingizwa kwenye seli zinazofugwa ndani ya chupa za supu maalumu, na chupa hizo hutikiswa polepole katika kabati lenye joto la mwili. Seli zinasoma maagizo, zinatengeneza kile kipande cha kipokezi kinachotokeza nje, zinakimwaga kwenye supu. Yeye anazilea kama vifaranga, zisife, zisivamiwe na vijidudu, zisisongamane. Kisha anaipitisha supu kwenye bomba la kioo lililojaa punje ndogo ambazo hukishika kipokezi kwa mkia mdogo kiliowekewa makusudi; vingine vyote vinasombwa na maji. Anaosha, anaosha tena, halafu anakiachia kipokezi kitoke, kisafi kama siku ya kuumbwa. Anakigandisha na kukikausha. Kwenye kibandiko panaandikwa: kwa utafiti pekee. Si dawa, na yeye ndiye wa kwanza kuwaambia majirani wanaomwomba kidogo cha kupaka kwenye goti.

Na alijivunia kazi hiyo, tena bila kujificha. Vichupa vyake vilifika kwenye maabara ambazo hatazikanyaga maishani, watu asiowajua walivifungua kwa mikono ya heshima, na walipomaliza waliagiza vingine. Akisikia mtu kwenye korido anasema "huu ni mzigo wa Mama Ukuta," mgongo wake ulijinyoosha wenyewe.

Mama Ukuta ndilo jina walilompa pale kazini, na lina sababu. Protini ya namna ile, ikiyeyushwa kwa kiasi kidogo sana, ina tabia mbaya: inakwenda kunata kwenye kuta za kijichupa cha plastiki. Unafyonza maji ukidhani umeibeba, kumbe yenyewe imebaki ukutani. Tiba yake ni kuchanganya humo protini nyingine ya kawaida, albumini ya damu ya ng'ombe, iwahi nafasi zote. Ukuta ukishashiba, kipokezi kinabaki kwenye maji. Siku alipofundishwa jambo hilo, akiwa bado mwanafunzi wa kazi, alicheka kwa sauti darasani, na mwalimu akamuuliza kinachochekesha. Hakusema. Lakini tangu apewe vijana wa kufundisha, kila mmoja wao alipata maneno yaleyale kabla ya kushika pipeti ya kufyonzea maji: nywesha ukuta kwanza, ukuta wenye kiu ni mwizi. Hakuna aliyeuliza yalikotoka. Na mwenye maneno, aliyekuwa akikaa barazani akitania chupa tupu, hakujua kwamba yamevuka geti la maabara.

Ikaja siku ya familia. Mkuu wa maabara, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, aliamua kwamba wafanyakazi walete wazazi, waume, wake na watoto waone wanachokifanya ndugu zao. Mama alikubali hapo hapo na kuanza kufikiria viatu. Baba alisema atakuja, ana hamu ya kuona jinsi hewa inavyotiwa kwenye chupa.

Moyoni binti alikuwa ameshaamua: siku hiyo mzee ataona. Kuna jaribio moja linalofanya kisichoonekana kionekane. Unachukua sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo vingi, sakafu ya kila kishimo imepakwa sitokini. Unatia kipokezi. Kama kipokezi ni kizima, kinaidaka sitokini yake na kung'ang'ania hapo hata ukiosha. Halafu unatia kimeng'enya kilichofungwa kwenye kingamwili inayokitambua kipokezi, na mwisho unatia maji ya rangi: palipo na kipokezi maji yanageuka buluu, pasipo nacho yanabaki kama yalivyo. Aliipanga kazi ili hatua zote za mwanzo zifanyike asubuhi, na ile ya rangi ifanyike mbele ya wageni.

Hapo ndipo fahari ilipomponza. Alikuwa akiandaa vijichupa vyake vya kuyeyushia, chupa ya albumini imekaa palepale karibu na kiwiko chake, akaitazama na kuiona kama mgeni asiyealikwa. Leo, alijiambia, baba atakachokiona kiwe kazi ya mikono yangu tu, bila msaidizi, bila ng'ombe ndani yake. Akayeyusha kipokezi kwenye maji ya chumvi matupu, akakipunguza ngazi kwa ngazi kwenye vijichupa vipya vya plastiki, akaviacha visubiri wakati anakwenda kuchana nywele, ndipo akarudi kuvimimina kwenye vishimo. Kijana wake yeyote angefanya hivyo, angemfukuzia nje akasimame koridoni.

Wageni wakafika. Kwenye geti mlinzi aliwapokea wazee kwa mikono miwili. "Wazazi wa Mama Ukuta? Karibuni, karibuni sana."

"Mama nani?" baba akauliza.

"Mama Ukuta. Humu ndani sote tunamwita hivyo."

Mzee alimvuta mkewe pembeni. "Wanamtania mwanangu," akanong'ona, na uso wake ukakunjamana. Nyuma yao alikuja jirani seremala, ambaye hakualikwa na mtu, ila alisema gari lina nafasi.

Wakavishwa makoti meupe na glavu. Koti la mzee lilimfika juu ya kifundo cha mkono, naye aliingia maabara akitazama kila kitu isipokuwa mashine. Alipitisha kiganja ukutani. "Lipu zuri," akasema. "Kona ile imepinda." Mkuu wa maabara alicheka, akageuka kuitazama kona, na kicheko kikapungua, maana kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuiona.

Karibu na meza ya jaribio alisimama mwanamke mfupi mwenye miwani, rafiki wa siku nyingi wa binti, waliyemwita Jaji. Yeye ndiye mkaguzi wa ubora, na hakuna kichupa kilichotoka pale bila kusimama kizimbani mbele yake. Kwenye sahani ile Jaji alikuwa ameweka mstari wake mwenyewe wa vishimo, kipokezi kilekile kutoka mzigo wa zamani ambao ulishathibitishwa, ili pawe na cha kulinganisha. Mstari uliofuata ulikuwa wa binti.

"Baba, simama hapa karibu," binti akasema. "Tazama huu mstari. Sasa hivi yote ni maji. Pakibadilika rangi, hapo ndipo kazi yangu ilipo."

Akatia maji ya rangi kwa mkono uliotulia. Wageni wakainama. Mstari wa Jaji ukaanza: kwanza wingu dogo, kisha buluu ya mbali, kisha buluu kamili, mtoto mmoja akapiga makofi. Mstari wa binti ulibaki maji. Wakangoja. Buluu ya Jaji ikazidi kukolea, na pembeni yake vile vishimo vingine vikakaa vyeupe vinamtazama mwenyewe.

Mkuu wa maabara alikohoa. Binti aliinama akaikagua sahani upya. Miaka yote ile, na siku aliyoichagua mwenyewe, mbele ya mtu mmoja aliyemtaka aone, ndiyo siku hii. Seremala, ambaye ulimi wake haukuwahi kupigwa randa, akaropoka, "Kumbe kweli tupu!"

Watu wawili watatu wakacheka. Kila mtu alimtazama mzee, mwenye mzaha, wakitarajia acheke pia. Hakucheka. Alimgeukia jirani yake kwa jicho alilokuwa akimtazamia fundi mzembe.

"Nyamaza," akasema. "Hapa kuna mtu yuko kazini."

Jaji alikuwa ameshaisogelea sahani. Hakuwa mtu wa kubembeleza. "Sahani ni nzima, rangi ni nzima, mstari wangu umeshika," akasema. "Wewe umeyeyushia kwenye nini?"

"Kwenye maji ya chumvi."

"Na albumini?"

Binti aliitazama ile chupa kando ya meza, imejaa, haijafunguliwa.

"Haiwezekani," Jaji akasema, na kicheko kikaanza kumponyoka. "Wewe? Wewe mwenyewe? Ama kweli mganga hajigangi! Mama Ukuta, hukunywesha ukuta!"

"Umesema nini?" Sauti ilikuwa ya mzee, na ilikuwa kali kiasi kwamba Jaji alisahau kucheka.

"Shikamoo, mzee, samahani. Ni sheria yetu ya humu ndani tu."

"Marahaba. Nimekuuliza umesema nini."

"Nywesha ukuta kwanza," Jaji akasema. "Ukuta wenye kiu ni mwizi, mshibishe mwizi kwanza ndipo ulete mali yako. Hii protini ya binti yako inanata kwenye plastiki. Usipoushibisha ukuta kwa kitu kingine, unaimeza yote. Leo imebaki kwenye vijichupa, huku hakikufika kitu. Kila anayeanza kazi hapa anafundishwa maneno hayo kabla ya kushika chochote. Ndiyo maana tunamwita Mama Ukuta."

"Aliyewafundisha ni nani?"

Jaji akaonyesha kwa kidole.

Binti aliona afadhali ardhi ipasuke, lakini hakuinamisha kichwa. "Ni maneno yako, baba," akasema. "Siku zote ni maneno yako. Leo nimeyaacha kwa sababu nilitaka uone kazi yangu peke yake, isiwe na mkono wa mwingine."

Midomo ya mzee ilicheza kama anayerudia kitu kimoyomoyo. Kisha akageuka akatafuta mahali, akavuta kigoda kirefu kilichokuwa chini ya meza, akaketi.

"Basi rudia," akasema.

"Baba, itachukua muda. Wageni wanakwenda kunywa chai."

"Waende. Mimi sijawahi kuondoka kwenye lipu ambalo halijashika."

Mkuu wa maabara aliwaongoza wageni kwenda kwenye chai, seremala akiwa wa kwanza. Mama alibaki pia. Alivua viatu vyake vipya vilivyombana, akakaa kando ya mumewe. Binti akachukua kichupa kingine cha mzigo uleule, akakiweka kwenye mashine ya kuzungusha.

"Sasa hicho unakizungushia nini na hakina kitu?" baba akauliza, lakini safari hii aliuliza kama fundi anavyomuuliza fundi.

"Ili kisichoonekana kikae chini, baba. Nikifungua ovyo kinabaki kwenye kifuniko."

"Mm." Akasogeza kigoda karibu. "Na hayo ndiyo maji ya ukuta?"

"Ndiyo hayo. Albumini. Inatoka kwenye damu ya ng'ombe."

"Ng'ombe naye yumo!" Mzee akatikisa kichwa. "Haya, mnyweshe."

Akanywesha. Alitia albumini kwenye kila kijichupa, akakizungusha kipate kulowa pande zote, na baba aliufuata kila mzunguko kwa macho. Halafu kipokezi kikaingia, kikapunguzwa ngazi kwa ngazi, kikawekwa kwenye vishimo vya sahani mpya, kando ya mstari mwingine wa Jaji, na kikaachwa kitafute sitokini yake. Jaribio lile halikimbizwi. Walikaa. Mzee aliuliza maswali, mengine ya maana na mengine ya kijinga, na binti aliyajibu yote. Kwa mara ya kwanza tangu atoke nyumbani na begi lake la chuo, wakaongea habari za kazi mpaka koo zikakauka.

"Hata hivyo sikutegemea," mzee akasema wakati wa kuosha sahani, "kwamba mwanangu atapiga lipu kwenye ukuta mkavu."

Mama alikuwa akijikanda vidole vya mguu. "Mwulize baba yako," akasema bila kuinua uso, "lipu la chumba chetu cha kwanza lilianguka lini."

"We mwanamke!"

"Lilianguka wakwe wakiwa wamekaa chini yake. Alikuwa na haraka ya kuwaonyesha kwamba ni fundi, maji akayasahau. Marehemu shangazi alitoka na nywele nyeupe siku ile."

Binti hakuwahi kuisikia habari hiyo maishani. Alicheka mpaka ikabidi aweke pipeti chini, na safari hii kicheko hakikuishia kooni. Mzee alijitahidi kununa, akashindwa.

Wageni waliporudi, binti akatia maji ya rangi. Kishimo cha kwanza kikaanza wingu, kikakolea. Cha pili kikafuata, kikawa hafifu kidogo kuliko cha kwanza. Cha tatu hafifu kuliko cha pili. Na kuendelea hivyo, buluu ikishuka mstari mzima mpaka mwisho ikayeyukia kwenye maji. Ulikaa sambamba na mstari wa Jaji kama ndugu wa tumbo moja. Jaji alisogeza miwani, akatazama, akaitikia kwa kichwa, na Jaji akiitikia ujue kesi imekwisha.

"Hivi vilivyofifia, vimeharibika?" baba akauliza.

"Hapana, baba. Nimevipunguza makusudi, kila kimoja kwa kipimo kilekile. Kipokezi kikiwa kizima, na mkono wa aliyepima ukiwa mzima, rangi inashuka sawasawa."

Mzee akashuka kwenye kigoda. Magoti yalilia, akayapuuza. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na meza, akafumba jicho moja, akautazama ule mstari kutoka kishimo cha kwanza mpaka cha mwisho.

"Umenyooka," akasema.

Wengine walidhani mzee ametoa maoni tu. Mama alijua alichokisikia. Binti alivua glavu moja akapangusa macho kwa mgongo wa mkono, jambo ambalo Jaji angemkemea mtu mwingine yeyote kwa kulifanya.

Jumapili iliyofuata barazani, mpangaji mgeni wa nyumba ya pili alimuuliza mzee habari za watoto wake, na yule mkubwa anafanya kazi gani. Seremala alikuwa ameshavuta pumzi ya kucheka.

"Anajenga," mzee akasema.

"Anajenga nini?"

"Hata ukionyeshwa, hutaona kitu," akajibu kwa majivuno makubwa, akaendelea kunywa chai yake.

Siku chache baadaye simu ya maabara ililia kutoka getini. "Mama Ukuta," mlinzi akasema, "kuna mzee hapa ameleta mzigo. Nimemwambia aniachie, hataki. Anasema mpaka uje mwenyewe."

Alishuka ngazi mbili mbili na koti lake la kazi, akidhani kuna msiba. Baba alikuwa amesimama nje ya kibanda cha mlinzi, shati limepigwa pasi, kitambaa cha zamani mkononi. Alikuwa amekuja kwa miguu mtaa kwa mtaa, akizikagua kuta zake njiani bila shaka, na hata jasho hakuwa nalo. Hakusalimia. Alikunjua kitambaa, akatoa timazi, akamtafutia mwisho wa uzi, akauweka kati ya vidole vya binti yake kama alivyouweka zamani kwenye majengo. Shaba ikashuka, ikacheza kidogo, ikatulia.

Mzee aliuangalia mkono wa binti yake. Haukutetemeka.

"Nimechoka, mwanangu," akasema.

Mlinzi, ambaye hakuelewa ila hilo la kuchoka, akamkimbilizia mzee kiti. Mzee akakikataa.